"Diski ni diski tu": huyu mtu ananitafutia kesi

mkongwe_wa_tebo:
Wakuu, naandika nikiwa bado natetemeka kwa hasira, makosa ya herufi mnivumilie. Yule jamaa mnamjua. Kila ofisi inaye. Yule anayenunua seva kwa kuhesabu kori, vile vichwa vya kufanyia kazi ndani ya prosesa. Simtaji jina, sina hamu ya kuandikiwa barua.

Leo kaleta seva mpya. Prosesa mbili, kila moja kori 32, feni zinanguruma utadhani ndege inaomba njia ya kuruka. Mimi kwa adabu zote nikamwonyesha grafu ya seva ya zamani: prosesa haifiki hata asilimia 10, muda mwingi inasubiri diski. INASUBIRI DISKI. Nikamwambia mkuu, tatizo letu halijawahi kuwa prosesa. Akanitazama, akanipigapiga begani, mbele ya watu wa uhasibu, akasema: "Kijana, diski ni diski tu."

Diski ni diski tu!

Kisha akachomoa zile diski za zamani, za kuzunguka, mizunguko 7,200 kwa dakika, akazichomeka kwenye seva mpya huku anapiga mluzi. Sahani ya diski hiyo inahitaji milisekunde 8 na ushee kumaliza mzunguko mmoja. Ukiisomesha vipande vilivyotawanyika inakupa kama mia moja kwa sekunde, tena ikijikaza. NVMe, diski ya kisasa ya chipu isiyozunguka, inakupa laki kadhaa. Lakini wapi, diski ni diski tu. Na kazipanga RAID 5, yaani diski kadhaa zinafanya kazi kama moja na kutunza pariti (hesabu ya kurudishia data diski moja ikifa), ambapo kila uandishi mdogo unazaa kazi nne: soma data ya zamani, soma pariti ya zamani, andika data mpya, andika pariti mpya. Na databesi yetu kutwa kucha ni kuandika!

Halafu ule mkono. Aliuacha pale begani mpaka alipomaliza kucheka.

Ripoti ya mwezi ilikuwa ya kwenda kula na kurudi. Sasa hivi ni ya kwenda kuoa na kurudi. Dada wa uhasibu kaniuliza, "Si mmeleta mpya?" Nimjibu nini? Diski ni diski tu, dada yangu.

KoriMoja:
Nimeshakaa siti ya mbele. Uzi uendelee.

mama_bakapu:
Pole mwaya. Wa kwetu ugonjwa wake ni RAM. Kajaza mpaka GB 512, halafu MySQL, programu yetu ya databesi, imeachwa na kache yake (sehemu ya RAM inayoruhusiwa kuwekea data) ileile iliyokuja nayo, MB 128. Nikisema tubadilishe mpangilio, ananiambia "usiguse kitu kinachofanya kazi". Kinachofanya kazi!! RAM yote ile imelala usingizi wa pono.

sindano:
Mleta uzi, povu lote hili, hiyo tebo ya ripoti ina indeksi, ile orodha ya kutafutia data bila kusoma tebo nzima?

mkongwe_wa_tebo:
Hapa hatuzungumzii indeksi. Tunazungumzia mkono begani.

sindano:
Kwa hiyo haina 😂😂

KoriMoja:
Kaulizwa indeksi kajibu bega. Nimecheka mpaka nimemwaga chai.

fundi_kimya:
Jamaa wa kori angekuwa sahihi kama wangekuwa na watumiaji wengi kwa wakati mmoja na data yote inaenea kwenye RAM. Kwa ripoti moja kwenye MySQL, kwa kawaida inafanya kazi kori moja, zile 63 zinatazama. Ila mkongwe, ukipewa hela ya SSD, diski za chipu, usilete zile za laptopu. Nyingi hazina kapasita za kuokoa data umeme ukikatika, na databesi ikizilazimisha zithibitishe kila muamala zinakuwa goigoi. Na ziweke RAID 10, inayonakili data kwenye diski mbili bila hesabu za pariti.

mama_bakapu:
Umeme usinitajie. UPS yetu, ile ya kushikilia seva umeme ukikatika, inalia tangu sijui lini. Betri imekufa, ombi la kununua nyingine limelala mezani kwa mtu, yeye anafunga mlango asisikie.

sindano:
Afadhali nyie mna mlango. Chumba chetu cha seva kimegeuzwa stoo ya viti vibovu. Kuifikia raki lazima upande mlima. Na kuna mmoja anazima kiyoyozi kila jioni, eti anabana matumizi.

KoriMoja:
Huyo wa kiyoyozi tunaye na sisi! Seva inazimika usiku kwa joto, asubuhi anauliza kwa nini "intaneti haipo".

mkongwe_wa_tebo:
Wakuu turudi kwenye mada. Kanishika bega MBELE YA UHASIBU.

fundi_kimya:
Tumekusikia mkuu, weka indeksi. mama_bakapu, hiyo UPS ukiichomoa betri si inanyamaza?

mama_bakapu:
Nilichomoa. Inalia kwa hasira zaidi.

sindano:
Ya kwetu waliziba spika kwa selotepu.

mama_bakapu:
Selotepu gani? Ile ya uwazi au ya kahawia?