Karatasi ya magugu maji inaweza kuwasha taa ya boya ziwani?

Mvuvi wa Kirumba:
Ndugu zangu, salaam. Nimesikia kwamba selulosi, yaani nyuzinyuzi za mimea zinazotengenezea karatasi, inaweza kutengenezewa kifaa kinachozalisha umeme kwa kugusana na kuachana na plastiki. Hapa Mwanza magugu maji tunayo ya kutupa, na mawimbi hayalali. Je, nikitengeneza karatasi kutokana na mabua yake, itaweza kuwasha taa kwenye boya la nyavu, ili mitumbwi mingine isizikate usiku? Hofu yangu ni maji na jua kali.

Mwalimu wa Fizikia:
Ndugu Mvuvi, kanuni hiyo ndiyo inayofanya kalamu iliyosuguliwa kwenye nywele ivute vipande vya karatasi. Mwaka 2012 mwanasayansi Zhong Lin Wang na wenzake waliitumia kuunda jenereta ndogo ya msuguano. Selulosi huachia elektroni kwa wepesi na Tefloni, aina ya plastiki, huzipokea, hivyo kila zinapogusana na kuachana, chaji husukumwa kwenye waya. Jua lisikutie hofu sana, kwani selulosi huhitaji joto la nyuzi 200 na zaidi ndipo ianze kuharibika kwa kasi. Adui wako ni unyevunyevu: selulosi hunyonya mvuke, utando mwembamba wa maji hutanda juu yake, na chaji huvuja kabla ya kufika kwenye waya. Karatasi itakayofanya kazi vizuri mezani kwako inaweza kunyamaza kabisa alfajiri ziwani, isipokuwa uifungie ndani ya boya lisilopitisha hewa.

Fundi Sola:
Naafikiana na Mwalimu, ila tusimpe mwenzetu matumaini makubwa mno. Volti zinaweza kufika mamia, lakini mkondo ni wa mikroampea tu, yaani sehemu za milioni za ampea. Taa itakonyeza baada ya kapasita, kifaa kinachohifadhi chaji, kujaa, haitawaka mfululizo kama taa zetu za dagaa. Simu inayohitaji wati 5 isahau.

Mvuvi wa Kirumba:
Kukonyeza kunanitosha, Fundi. Mwalimu, mabua nayachemsha kwa magadi?

Mwalimu wa Fizikia:
Ndiyo, ili lignini, gundi ya asili inayoshikanisha nyuzi za mmea, ilegee na nyuzi ziachane. Osha mpaka maji yatoke safi, kwa sababu chumvi ikibaki itavuta unyevu upya, kisha kausha juani siku kadhaa kabla ya kuziba boya. Jiandae na mabua mengi: zaidi ya asilimia 90 ya gugu bichi ni maji.