Mrejesho: malori kuganda kwenye skrini ya dispacha (anayepanga safari za malori)

Wakuu nimerudi. Nililalamika mfumo wa kusimamia malori mgodini unaganda kila zamu ikibadilishwa, lori liko shimoni ila skrini inasema bado lipo kwenye krasha (mashine ya kuponda mawe). Aliyesema nianze na diski ya seva kapiga mulemule, bakapu (nakala ya akiba ya data) ilikuwa inafeli kimya kimya kwa hiyo logi za databesi (kumbukumbu za kila badiliko), ambazo husubiri bakapu ndiyo zifutwe, hazifutwi, zikajaa mpaka diski ikaisha nafasi. Nikarekebisha, ila malori mawili yakaendelea kupoteza safari kwenye mfumo, kumbe saa za kompyuta zilizomo kwenye malori hayo ziko nyuma ya saa ya seva, na mimi nilishaanza kulaumu antena za GPS bure! Sasa kabla ya zamu naangalia diski, bakapu, saa na lori gani halijatuma data. Wiki ya pili hii dispacha hajanipigia usiku.