Naomba ushauri: kengele za kielektroniki za kuvulia kapi usiku

Habari zenu wadau. Niko Uingereza, navua kapi, samaki yule yule aliyejaa Ziwa Naivasha, kwa fito mbili usiku kucha. Nataka kengele zinazolia samaki akidona. Nimebaki na aina mbili: zenye kigurudumu cha sumaku kinachozungushwa na mshipi, na za kampuni ya Delkim, zinazohisi mtetemo wa mshipi wenyewe. Moyo wangu uko kwa za mtetemo, maana hunasa hata mguso mdogo, ila upepo ukivuma nahofia zitalia ovyo na kuwaamsha wavuvi wa jirani. Kupunguza usikivu wake kunatosha kweli? Na risiva, kile kifaa cha kuweka hemani kinachopokea mlio wa kengele, ni ya lazima? Mliozitumia kwenye mvua, naomba sana mnieleze.