Nampeleka mama Ifakara mwezi wa sita, naomba mwongozo

mtoto_wa_arusha
Habari zenu wadau. Mimi naishi Arusha na Ifakara sijawahi kukanyaga hata siku moja, ila mama yangu mzazi amezaliwa kule, aliondoka akiwa darasa la tatu babu alipopata kazi Moshi na tangu hapo hajarudi. Sasa hivi ana miaka 64. Tangu mwaka huu uanze kila tukikaa jioni stori ni mto, kivuko, na kitu anakiita pepeta ambacho sisi wanawe hatujawahi kukiona. Nimepata likizo ya siku sita mwezi wa sita nikaona nimpeleke kabla magoti hayajamshinda kabisa.

Naomba kujua, tupande treni ya TAZARA au basi? Tufikie mjini au Mang'ula? Na mwezi wa sita kukoje? Kuna jamaa kazini kaniambia Ifakara hakuna cha kuona ni mpunga na mbu tu, kwa kweli iliniuma.

majaruba
Karibu sana mkuu. Mimi ni mzaliwa wa Kibaoni, shughuli zangu ni mchele, kwa hiyo naongea kitu ninachokiishi.

Huyo jamaa yako kasema mpunga kama vile ni kitu kidogo. Mwezi wa sita ndio wenyewe, mvua kubwa za masika zimeshapita (Machi na Aprili usije na mama, maji yanajaa bondeni na njia za ndani hazipitiki), joto limepungua, na watu wako kwenye mavuno. Mtaona baiskeli zimepakia magunia mpaka anayesukuma humuoni unaona miguu tu. Ifakara ni mji wa baiskeli, kuanzia wanafunzi, kina mama wa sokoni, mafundi, wote, kwa sababu mji wote uko tambarare. Ukiinua macho upande mmoja unaiona Udzungwa imesimama kama ukuta, upande wa pili kwa mbali milima ya Mahenge, katikati ndio hilo bonde la mto Kilombero. Mama akishuka tu kwenye gari atajua amefika, milima ile haijahama.

Mpeleke sokoni asubuhi mapema. Kuna aina za mchele, kuna Supa, kuna SARO 5 ambayo imetoka hapahapa kwenye kituo cha utafiti wa kilimo zamani kikiitwa KATRIN siku hizi TARI Ifakara. Chukua mchele kiganjani, ufikiche kidogo halafu unuse. Mchele mpya wa Supa una harufu huhitaji kuambiwa. Ila ukifika nao Arusha upunguze maji wakati wa kupika maana mchele mpya haunywi maji kama wa mwaka jana, watu wengi wanapika unakuwa bokoboko halafu wanasema wameuziwa mbaya.

reli_na_mabehewa
Kuhusu usafiri, mimi nakushauri treni japo mara moja. Reli ile imejengwa kwa msaada wa China miaka ya 1970 mpaka 1975, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi Zambia, na kipande cha kwanza kinakatiza hifadhi ya Nyerere, ukiwahi kupita kabla jua halijazama unaona twiga na tembo ukiwa umekaa dirishani. Mama aliyekulia Ifakara lazima kuna namna anaikumbuka ile reli wakati inajengwa.

basi_la_asubuhi
Ndugu yangu hapo juu namheshimu ila sikubaliani naye kwa safari hii. Anatoka Arusha, mpaka ashuke Dar kwanza, halafu treni haina uhakika wa ratiba na Ifakara inafika usiku. Mama wa miaka 64 mwenye magoti unamshusha stesheni saa ngapi hiyo na mizigo? Njooni kwa basi mpaka Morogoro mlale, asubuhi mnachukua gari stendi ya Msamvu palepale Morogoro. Mnapita katikati ya hifadhi ya Mikumi, hapo swala na twiga wako pembeni ya lami bila kulipa kiingilio, halafu pale Mikumi mjini mnaacha barabara ya Iringa mnakata kushoto kuelekea Kidatu. Zamani kipande cha Kidatu mpaka Ifakara kilikuwa vumbi na mashimo, mimi mwenyewe 2014 basi nililopanda lilikwama pale tukalala humohumo mpaka asubuhi na kondakta akazima simu, lakini siku hizi ni lami.

Kaeni upande wa KULIA wa gari. Mkishavuka mto Ruaha pale Kidatu na mashamba ya miwa, milima ya Udzungwa inakuwa upande huo hadi karibu mnafika.

reli_na_mabehewa
Hilo la kufika usiku ni kweli, nakubali, sikulifikiria suala la magoti. Pandeni basi la abiria tu, treni ibaki kwa safari nyingine.

nesi_mstaafu
Mwanangu hongera kwa kumkumbuka mama. Nimefanya kazi bonde lile miaka mingi, naomba niongee la mbu maana wengi wanalisema kwa dharau.

Malaria bondeni ipo na lazima mjiandae. Mama akitoka Arusha mwili wake umeshasahau malaria, kuzaliwa kule hakumkingi leo. Kabla ya safari mpeleke kwa daktari aulizie dawa ya kinga, hasa kama ana presha au sukari na anatumia dawa nyingine. Chandarua kagueni kabla ya kulala, kishikeni juu kwenye mwanga muone kama kina tundu, na kichomekeni chini ya godoro pande zote. Jioni avae mikono mirefu na soksi. Mkirudi nyumbani homa ikimshika hata baada ya wiki mbili tatu apimwe mara moja na mwambieni daktari alikuwa Kilombero.

Lakini pia muambie huyo mfanyakazi mwenzako kwamba mji huohuo wa mbu ndio ulikoanzia taasisi ya utafiti ya Ifakara, mwaka 1956 ilikuwa maabara ndogo tu ya Waswisi, na kampeni ya kuuza vyandarua vyenye dawa kwa bei nafuu Kilombero na Ulanga kuanzia 1997 ilisaidia nchi nzima kujua kwamba chandarua kinaokoa watoto. Tulikuwa tunapoteza watoto wengi jamani. Naipenda Ifakara kwa hilo.

mpanda_sanje
Mang'ula ni kwa ajili ya Udzungwa, hifadhi ya taifa tangu 1992, haina barabara za magari ndani, ni kutembea kwa miguu tu. Maporomoko ya Sanje yana karibu mita 170 lakini njia ni ya kupanda, usimlazimishe mama. Lala naye usiku mmoja hapo wakati wa kurudi, asubuhi wewe panda na mhifadhi, yeye apumzike nje awaangalie mbega. Mjini pangeni angalau siku tatu, msifanye haraka.

mtoto_wa_arusha
Asanteni sana, yaani nimesoma kwa sauti na mama akiwa hapa pembeni. Ya treni amesema anaikumbuka, anasema Wachina walikuwa wanapita na magari makubwa na watoto wanakimbilia barabarani. Amecheka kwenye baiskeli.

Ila nimemwambia kivuko hakipo tena akanyamaza. Akaniuliza watu wa Lupiro, ng'ambo ya mto, sasa wanavukaje.

majaruba
Mwambie mama kuna daraja, lina mita 384, lilizinduliwa 2018 na linaitwa Daraja la Magufuli. Kivuko kilitutesa, foleni masaa, mgonjwa wa Ulanga anasubiri ng'ambo usiku wakati hospitali ya rufaa ya Mtakatifu Francis iko huku Ifakara, na Januari 2016 kilipinduka kwa upepo na mvua. Hakuna mtu huku anayetaka kirudi. Lakini mto ni uleule. Mchukulieni bajaji asubuhi ambapo jua halijawa kali, akae pale ukingoni, mitumbwi ya wavuvi bado ipo, kambale na perege wanauzwa wabichi kabisa, anunue mwenyewe achague.

Na sasa hilo la pepeta nimeliacha mwisho makusudi maana limenigusa. Pepeta inatengenezwa na mpunga ambao umeanza kugeuka rangi ila haujakauka, unapukuchuliwa, unakaangwa kwenye chungu hadi uanze kupasuka, halafu unatwangwa hapohapo ukiwa wa moto, ukipoa tu umeharibu. Punje zinalala bapa, unapepeta makapi unatafuna hivyohivyo au unatia nazi na sukari. Dukani hupati. Na mwezi wa sita mashamba mengi yanakuwa yameshakauka, ndio tatizo.

mtoto_wa_arusha
Dah. Kwa hiyo tumechelewa? Ndicho kitu pekee alichoomba.

majaruba
Hamjachelewa. Shangazi yangu ana shamba chini kabisa bondeni ambako maji yanachelewa kutoka, yeye hupanda nyuma ya wenzake na saa hizi bado yuko kwenye dungu anafukuza ndege. Nimempigia mchana huu, kasema mama yako ni mtoto wa hapa asiondoke bila kuonja. Niandikie inbox ukishakata tiketi, unipe tarehe kamili, ataacha jaruba moja bila kulivuna.