Naomba ushauri: kipimo cha vinasaba cha mtoto, nirudie au niache?

MamaWawili: Wakuu, habari za humu. Mwanangu ana miaka 7, homa zinamrudia tangu ana 4. Inakuja ghafla, 39 na zaidi, tumbo linakaza kama ubao, anajikunja magoti kifuani. Siku ya tatu anaamka anaomba chapati. Malaria hakuna, taifodi hakuna. Kidole tumbo alishatolewa, kikakutwa kizima. Baba yake Mturuki, daktari akasema ni homa ya kurithi ya Mediterania. Kipimo cha vinasaba nirudie maabara nyingine au niache?

ChumaChaPua: Vinasaba tena? Shemeji anataka kujua mtoto ni wa nani 😀

BintiKitope: Pole dada. Mdogo wangu naye walimpasua kidole tumbo bure, tukazunguka mwaka mzima, kumbe vidonda vya tumbo.

MzeeWaPwani: Ndiyo maana zamani ukoo uliulizwa kabla ya posa.

Tabibu77: Umeandika "nirudie". Cha kwanza kilisema nini? Na dawa anatumia?

MamaWawili: Kilionyesha kasoro moja tu, M694V, jeni la MEFV. Ya baba yake. Mimi Mzaramo, kwangu hakuna kitu. Nimesoma ugonjwa huu unataka kasoro pande zote mbili, kwa hiyo hana. Kolchisini nimeisimamisha, wiki ya sita sasa. Ilikuwa inamharisha, na siwezi kummezesha mtoto dawa maisha yake yote kwa karatasi kama hiyo.

UkweliMchungu: Uzi wa kutunga huu. Kolchisini ni dawa ya jongo, anameza babu yangu. Na akaunti imefunguliwa jana!

MamaWawili: Nimeifungua jana kwa sababu jana usiku homa imerudi. Daftari lake liko hapa mezani. Mwaka kabla ya dawa, homa 11. Miezi minane ya dawa, homa moja. Nikutungie ili iweje, kaka?

Tabibu77: Basi daftari lako limeshajibu. Jeni hilo limegunduliwa 1997, wakati kolchisini ilishaonekana kuzuia homa hizi tangu 1972, na watoto wanapewa. Si wachache wanaougua huku kipimo kimeona kasoro moja tu. Daktari anatazama dalili na jinsi dawa inavyomkubali, kipimo kinamsaidia tu. Na M694V ni katika zile kali. Kuharisha mwambie daktari, dozi inaweza kupunguzwa au kugawanywa. Ninachoogopa ni figo: homa hizi zikiachwa, protini iitwayo amiloidi hujazana humo kimyakimya. Upande wa baba yake kuna mwenye figo?

MamaWawili: Baba yake mdogo. Anasafishwa damu huko Izmir. Sikutaka kuliandika hilo.

Tabibu77: Kesho mrudishe kwa daktari wake, dawa ijadiliwe upya na mkojo upimwe protini. Maabara nyingine itasubiri.

UkweliMchungu: Dada, nisamehe.

MamaWawili: Yameisha. Tabibu, huo mkojo nichukue wa saa ngapi?

Tabibu77: Wa kwanza, akiamka tu.