Mrejesho: wale walimu wangu wa gym, Kigoma

Wakuu, niliuliza nifanyeje na vijana wangu wawili wanaofundisha gym hapa Mwanga, Kigoma, maana mama mmoja aliumia kiuno siku ya kwanza tu, alibebeshwa chuma bila kuulizwa chochote. Nimefuata ushauri wenu. Sasa mteja mpya anaulizwa kwanza presha, kisukari, mimba, kama aliwahi kuumia, akisema kifua huwa kinambana anaenda hospitali kwanza, halafu anapasha mwili dakika 10 na skwati (kuchuchumaa na kuinuka) anaanza na mti wa fagio, chuma baadaye. Na wanamwongelesha akiwa anakimbia, akishindwa kumaliza sentensi wanampunguzia kasi, hii imetusaidia sana jamani. Yule mama nilimfuata Ujiji nikamuomba radhi, jana karudi, kijana akachuchumaa pembeni akimwangalia magoti na visigino mpaka akamaliza. Bado vijana kufundishwa huduma ya kwanza, anayejua mwalimu huku aniambie.