Naomba ushauri: mtu wa theluji wa Jem ni ishara au mchezo tu?

Wadau, naandika insha kuhusu riwaya ya Harper Lee, To Kill a Mockingbird (1960). Ndege asiye na hatia (yule mockingbird wa kwenye jina la riwaya) hanipi shida: ni ishara ya Tom Robinson, mtu mweusi anayeshtakiwa kwa uongo, na ya Boo Radley pia, jirani anayejifungia ndani. Kinachonisumbua ni mtu wa theluji. Theluji ilikuwa haba pale Maycomb, mji wa riwaya hii, basi Jem, kijana mdogo, akamfinyanga kwa udongo kwanza, kisha akambandika theluji juu. Mweusi ndani, mweupe nje! Mimi naona hapo mwandishi anagusa ubaguzi wa rangi. Mwenzangu anasema ni utoto tu. Na mbwa mwenye kichaa aliyepigwa risasi na Atticus, baba yake Jem, je, ndiye chuki ya mji? Nafasi yangu inatosha ishara mbili. Walimu wa fasihi, mngeniambia nichague zipi?